Sanduku la Barafu Kavu

"Tandu, unamwona?"

"Bado, Mkuu."

Saa tisa alasiri, mvua inamwagika, na foleni ya barabara ya uwanja wa ndege haisogei. Kati ya magari yale yote, moja lilikuwa limebeba sanduku lililoibwa saa mbili zilizopita kutoka maabara ya utafiti wa saratani.

Gari gani? Hakuna aliyejua. Idara nzima, na mitambo yake yote ya bei mbaya, ilikuwa inapapasa kama mtu anayetafuta swichi umeme ukiwa umekatika.

Tandu ni jina lake la kazi. Nyumbani walijua anauza bima, na walimcheka kwamba hajawahi kumuuzia hata ndugu mmoja. Alikuwa juu ya pikipiki ya Yamaha, bastola ya Glock kiunoni, redio sikioni, maji yanamwingia shingoni, anapenya katikati ya magari na kuchungulia moja baada ya jingine.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mirija mia nne na kumi na miwili ya damu na vipande vya uvimbe, kazi ya miaka kumi na moja. Watafiti walikuwa wamegundua alama kwenye damu, inayojitokeza saratani ya titi ikiwa bado changa, kabla hata mkono haujagusa kivimbe. Bila sanduku hilo, kipimo hakithibitishwi hapa. Likipanda ndege, kitasajiliwa kwingine, na wanawake waliotoa damu yao bure watakuja kuuziwa kipimo kwa bei ya nyumba.

Akaiona Corolla ya kijivu.

Vioo vyote vinne vimeshushwa. Kwa mvua ile!

Sanduku lile lilijazwa barafu kavu, ile isiyogeuka maji bali hutoa hewa nzito. Ukijifungia nayo garini inakulaza, na huamki. Mwizi wa mtaani hajui hilo, dereva wa kukodi hajui. Anajua mtu wa maabara. Na Tandu alijuaje? Alisimuliwa na kaka yake, fundi wa maabara hiyo hiyo, mtu wa kueleza kazi yake mpaka wageni wanaanza kupiga miayo.

"Mkuu, nimelipata."

"Dereva unamjua?"

Akasogea karibu zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema unafanyaje ukishakikuta.

Corolla ikamwona. Ikachomoka kwenye foleni, ikakata kona kuelekea nyuma ya maghala ya mizigo. Tandu akaifuata, tope linaruka mpaka kwenye helmeti.

Risasi moja. Tairi la nyuma.

Gari likateleza, likaingia mtaroni. Akafungua mlango, bastola mbele.

Kaka yake alikuwa ameloa chapachapa, mikono juu ya usukani. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akimsuka nywele za kwenda shule, mistari imekwenda upogo mpaka walimu wanacheka. Akaitazama bastola, akamtazama usoni.

"Kumbe ndiyo bima yenyewe," akasema.

"Shuka, kaka."

Hakushuka. Akaanza kueleza, bila kupaza sauti. Hospitali ya hapa ilikuwa imemwambia mkewe arudi nyumbani akapumzike, na watu wazima wanajua maana ya maneno hayo. Ugonjwa umefika kwenye ini. Mnunuzi wa sanduku ana hospitali kwao, ana dawa mpya, ametoa kitanda. Kaka yake na mkewe wanaruka saa tatu usiku huu. Pesa hakuchukua hata senti.

"Nipe dakika ishirini, mdogo wangu. Wifi yako ana miaka thelathini na sita."

"Na hawa mia nne je?"

"Nawajua, niliwatoa damu kwa mkono wangu. Lakini usiku simsikii hata mmoja wao akiuma meno ili asiniamshe."

Tusimsingizie ushujaa: bastola aliishusha. Dakika ishirini ni nini? Angesema redio imekufa, angesema mvua. Alimpenda wifi yake kuliko alivyowahi kumpenda rafiki yeyote. Lakini akawakumbuka na wale wanawake waliotoa damu kliniki, wakikunja mikono ya magauni na kumtania fundi kwamba sindano yake haiumi kama maneno yake. Hakuwahi kuwaona. Kaka yake ndiye aliyemsimulia, kwa majivuno kabisa.

"Uliniambia walichokuwa wakisema," akamwambia. "'Chukua tu, itawafaa watoto wetu.'"

Kaka yake akalaza paji la uso kwenye usukani, akalia. Tandu akamfunga pingu huku naye analia.

Kilichobaki kilikuwa kazi tu. Akavaa koti jeupe la kaka yake, akapandisha barakoa, akabeba sanduku hadi kwenye kindege cha mnunuzi kilichokuwa kikiunguruma nyuma ya ghala la mwisho. Mnunuzi alikuwa ngazini, Rolex mkononi.

"Umechelewa."

"Foleni."

Akalitua sanduku chini taratibu. Mtu yule akahisi kitu, mkono ukaenda ndani ya koti.

Teke moja gotini. Bastola ikaanguka, mwenyewe akaifuata. Rubani akazima injini bila kuambiwa.

"Mzigo?" redio ikauliza.

"Salama. Barafu bado ipo."

"Kazi safi, Tandu."

Akamwomba Mkuu jambo moja: aulize kama kile kitanda kilikuwepo. Alikuwa akiomba kiwe uongo. Baada ya nusu saa jibu likaja. Kitanda kipo, jina la mgonjwa lipo, daktari anamsubiri.

Akavua koti, akalikunja, akaliacha juu ya boneti ya gari la idara. Akapita mbele ya wenzake mikono mfukoni, hageuki. Wakanong'ona kwamba yule mwanamke ana moyo wa chuma. Waache waseme.

Saa kumi na mbili alikuwa kwa wifi yake. Alimkuta sebuleni, begi limefungwa, amevaa sweta zito kwa sababu aliambiwa kule kuna baridi. Shingo imebaki mifupa. Midomoni amepaka rangi, mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Umekuja kuniaga, wifi? Kaka yako hapokei simu, sijui amekwama wapi."

Kiapo cha idara kinakataza kusema neno kwa yeyote. Tandu akaketi sakafuni, karibu na miguu yake, akasema. Sanduku, ndege, pingu. Akasema mwenye kitanda naye amekamatwa, hakuna safari.

Wifi akamtazama usoni.

"Nani aliyemkamata?"

"Mimi, wifi."

Hakumpiga, hakumfukuza. Akainama kwa shida, akavuta zipu ya begi.

"Nisaidie kuzirudisha nguo kabatini," akasema. "Mimi sina nguvu."

Tandu akazipokea nguo, moja moja.