Paneli Zilizotazama Barabara

Kila asubuhi, mshonaji alianza kazi kwa kuivuta kamba ya jenereta. Aliivuta mara tatu, mara nne, huku akiilaani. Jenereta ilipokohoa, moshi ulijaa chumbani, na mashati ya wateja yakanuka petroli. Ng'ambo ya barabara, wifi yake, dada wa mumewe, alishona kimya kimya. Cherehani zake mbili ziliendeshwa na umeme wa jua.

Kimya kile kilimkera mshonaji kuliko kelele za jenereta yake.

“Sikiliza,” alimwambia mumewe, ambaye ni seremala. “Husikii kitu, sivyo? Dada yako ananiringia.”

“Anaringa kwa kunyamaza?”

“Ndiyo! Anajua ninamsikia akinyamaza.”

Mumewe alicheka hadi randa ikamponyoka. “Mke wangu, kijicho hakishoni nguo. Serikali inachangia nusu ya gharama za umeme wa jua kwa kila mwenye karakana ndogo anayeacha jenereta. Nenda ofisi ya nishati ukajiandikishe, kama alivyofanya yeye.”

Alikwenda, si kwa kulipenda jua, bali kwa kuchukia kupitwa. Tena alikuwa na sare sitini za shule za kushona. Mwalimu mkuu alikuwa amemwonya: sare zikinuka petroli tena, kazi ya shule itahamia kwa wifi yake.

Ofisi ikamtuma fundi umeme aliyeidhinishwa. Fundi akauliza: cherehani ngapi, taa ngapi, zinawashwa saa ngapi kwa siku? Akapanda juu ya paa, akateremka.

“Mama, paneli mbili zinakutosha. Tutaziweka upande wa nyuma, ambako jua hupiga kutwa. Mbele kuna kivuli cha lile jumba la ghorofa.”

“Wifi yangu anazo ngapi?”

“Mbili.”

“Basi mimi nataka tatu. Na zikae mbele, azione kila ainuapo macho kwenye cherehani yake.”

“Mama, paneli hula jua. Hazili macho ya watu.”

“Nimekuita ufunge paneli au unihubirie?”

“Kazi mbovu siifungi,” fundi akasema. “Na serikali hailipi mpaka mkaguzi aje, aridhike.” Akachukua ngazi yake, akaondoka.

Mshonaji hakujali. Alitoa akiba yake yote, akanunua paneli tatu na betri, akamwita fundi wa mabati azipigilie mbele. Aliamini kuwa mchango wa serikali utafuata tu. Paneli zikameta. Wapita njia wakasimama kutazama, naye akatabasamu asubuhi yote.

Saa saba mchana, kivuli cha jumba kikatambaa juu ya paa. Saa nane, cherehani ikaanza kusuasua. Kabla ya saa tisa, sindano ikasimama katikati ya kola.

Kesho yake mkaguzi alifika, akatazama juu, akatikisa kichwa.

“Hapa sitii sahihi. Kivuli kikifunika hata kipande cha paneli, nguvu yake hushuka sana. Na aliyezifunga hakuidhinishwa. Zirekebishwe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi yako atapewa mwingine.”

Sare ishirini zilikuwa bado, na shule ilizitaka keshokutwa. Kuwasha jenereta hakuthubutu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mshonaji alikusanya vitambaa, akavuka barabara.

“Hodi, wifi.”

“Karibu, wifi. Kulikoni, leo jua limekuchwea mchana?”

“Usinicheke.”

“Nisipokucheka mimi, akucheke nani? Keti. Cherehani ya pili haina mtu.”

Akaketi. Akainua macho azitazame paneli zake ng'ambo ya barabara. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu. Cherehani zote mbili ziliuelekea ukuta, na mlango ulikuwa mgongoni.

“Wifi, ukiwa hapa huoni nje?”

“Nione nini? Nataka mwanga uingie begani, uangukie sindano. Kwani nje kuna nini?”

“Hakuna kitu,” mshonaji akajibu kwa sauti ndogo. Kisha akaona aibu kuficha, akamweleza yote.

Wifi yake akashika mbavu. “Mwenzangu! Hata mimi nilitaka zangu zikae mbele, nikuringie. Fundi akanikatalia. Ndiyo sababu zinafanya kazi.”

Wakacheka, wakashona. Sare zikafika shuleni kwa wakati, safi, zikinuka kitambaa kipya tu.

Mshonaji alikwenda ofisini kumwomba radhi fundi. Fundi akahamishia paneli mbili nyuma. Ya tatu ikarudishwa dukani. Akamfundisha kufuta vumbi kwa kitambaa laini chenye maji, na asichomeke pasi ya umeme, kwani pasi huinyonya betri mara moja. Mkaguzi akaja tena, akatia sahihi, na serikali ikalipa nusu yake. Mwalimu mkuu akaleta kazi ya muhula uliofuata, na jenereta ikauzwa kama chuma chakavu.

Ndipo kinyozi wa duka la pili akaja na mashine yake mkononi, macho kwenye paa.

“Semeni kweli. Wewe na wifi yako mna mtu wenu ofisini.”

“Tunaye,” mshonaji akasema. “Anakaa dirisha la pili, na anapokea kila mtu. Nenda na kitambulisho. Fundi akikuonyesha pa kuweka paneli, nyamaza.”

Kinyozi hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliondoka mbio, akamwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu.