Kibati cha Saba

Asubuhi ya Jumatatu suti namba saba ilikutwa imelowa kwa ndani, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, ingawa siku hiyo hakuna aliyelitilia maanani. Suti za mpira za waendesha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya kafi, hutengenezwa zilowe kwa nje tu. Tena hii haikuwa imevaliwa na mtu tangu Oktoba. Oddny alipoishika mguu ili aitundike vizuri, maji ya chumvi kiasi cha kikombe yalimwagika yakamlowesha soksi. Akanusa. Mwani, sufu mbichi, na kwa mbali, kafuri.

Alimjua mtu mmoja tu aliyenuka hivyo. Torleiv, kiongozi mwenzake wa safari za kayaki, alikuwa na peremende za kafuri mdomoni kutwa, akidai zinazuia mafua, na kweli hakuwahi kuugua mafua. Alizama.

Oddny alimweleza Sjur, mwenye kampuni, habari za maji lakini si za kafuri. Sjur alikuwa amehudhuria kila kozi ya usalama iliyotolewa mkoani, na vyeti vyake alivitundika pale ambapo wenzake hutundika picha ya bibi. Akamwambia ajaze fomu ya kasoro. Fomu iliuliza kama kasoro hiyo imemdhuru mtu, imeharibu mazingira au imechafua jina la kampuni. Oddny alifikiri kidogo, akaweka alama kwenye mazingira.

Juu ya birika la kahawa, katika banda la mashua, palikuwa na ubao wenye misumari kumi na miwili na vibati kumi na viwili vya namba. Upande mmoja wa kibati ni mwekundu, maana yake mtu yuko majini. Upande wa pili ni mweupe, maana yake amefika nchi kavu. Ubao huo aliuanzisha Torleiv mwenyewe, pamoja na sheria yake moja tu, aliyoirudia mpaka ikachosha: uso kwanza, kibati baadaye. Usigeuze kibati cha mtu kabla hujamwona uso.

Oktoba iliyopita, jioni moja ya upepo, kayaki tupu ilikatika kamba ikaelea kuelekea ng'ambo ya fiodi ya Skarvik, ule mkono wa bahari uliobanwa na milima. Torleiv akaifuata kwa kayaki nyingine. Zipu ya suti yake, namba saba, ilikuwa imekwama, na safari yenyewe ya dakika kumi, basi akaiacha suti kwenye msumari, akaenda na sweta la sufu na jaketi la uokoaji lenye filimbi. Kibati chake alikigeuza kikawa chekundu. Oddny aliporudi kutoka dukani saa kumi na moja aliikuta suti imetundikwa, akajua mwenzake amefika. Akakigeuza kibati kikawa cheupe, akaandika saa pembeni kwa chaki, akajimiminia kahawa.

Alipokuwa akinywa alisikia mluzi kutoka ng'ambo, mwembamba, mara tatu, kisha mara tatu tena. Alijiambia ni tjeld, yule ndege wa ufukweni mwenye mdomo mwekundu, ambaye sauti yake haina tofauti na filimbi. Alipomaliza kikombe ndipo alipokumbuka kwamba ndege hao huhamia kusini mwezi wa Agosti. Lakini kibati kilikuwa cheupe, na nje kulikuwa na baridi. Akaenda nyumbani.

Torleiv alitafutwa kuanzia asubuhi. Polisi waliutazama ubao, wakaandika kwamba alirejea salama saa kumi na moja na dakika tano, kisha akatoka tena usiku kwa sababu zisizojulikana. Kwa hiyo walimtafuta gatini na upande wa mashariki, mahali ambapo mtu anayetoka usiku angeweza kwenda. Kayaki zote mbili ziliokotwa mdomoni mwa fiodi. Yeye hakuonekana, na fiodi ina kina cha mita mia sita. Nani aligeuza kibati, hakuna aliyeuliza. Oddny naye hakusema.

Mjane wake, Gunnvor, hakuwa na cha kuzika. Kila Jumamosi alipiga makasia fiodini na jogoo wake ndani ya kikapu, kwa sababu watu wa pwani ile wanajua kwamba jogoo huwika anapopita juu ya mtu aliyezama. Jogoo huyo aliitwa Askofu, kwa manyoya yake meupe ya shingoni. Miezi minane alitembezwa kila gati, kila hori, na hakuwahi kuwika. Watu walipoiona mashua ya Gunnvor walijifanya wanatazama mlima.

Baada ya Jumatatu ile, suti ililowa kila siku. Oddny aliikausha, akaifunga zipu, akaipeleka msumari wa mbali kabisa. Asubuhi aliikuta imerudi mahali pake, mikono imejaa kana kwamba mtu ameichomoa mikono yake sasa hivi tu. Na katika kila safari alisikia filimbi. Ilikuwa Juni, ndege wenyewe walijaa mawe yote ya ufukweni, na wageni waliuliza jina lao wakaandika madaftarini. Oddny peke yake aligundua kwamba ndege wa kweli hupiga kelele ovyo, lakini huyu mmoja hupiga mara tatu, hunyamaza, hupiga mara tatu.

Alhamisi alikuja Mogens, daktari wa meno mstaafu kutoka Denmark, peke yake, akapewa kayaki ya watu wawili kwa sababu nyingine zilikuwa zimechukuliwa. Alikaa nyuma, upande wa tezi, nafasi ya mbele ilikuwa tupu. Jua lilikuwa kali, maji yamelala kama kioo, wageni wengine saba wakipiga soga. Oddny alikuwa nyuma ya wote, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba omo, ncha ya mbele ya kayaki ya Mogens, imezama chini kuliko tezi.

Mogens akageuka akamwita. Oddny huelewa nusu ya Kidenmaki, kama ilivyo desturi ya Wanorwei, na nusu hiyo ilitosha.

"Mwenzangu huyu ni hodari," Mogens alisema kwa furaha. "Tunaenda sawasawa kabisa. Ila hasemi neno. Mnorwei halisi."

"Bwana Mogens, mbele yako hakuna mtu."

"Usinitanie, dada. Naona mgongo wake. Ananukia kafuri."

Oddny alitazama, na hakuona mgongo, aliona tu kile kitambaa cha kuzuia maji kilichofunika tundu la mbele, ambacho kingepaswa kulala tambarare, kimevimba juu kama kinavyovimba juu ya mapaja ya mtu aliyeketi, na matone yakianguka juu yake, moja baada ya jingine, kutoka hewani, kutoka kimo cha kidevu. Na kabla hajapata sauti ya kuwaamuru wote wasimame, kayaki ile iligeuka yenyewe, taratibu, kama farasi anayeijua njia ya zizini, ikaelekea kwenye maporomoko ya maji ya ng'ambo, ambako kampuni ilipiga marufuku kusogelea chini ya mita hamsini kwa ajili ya mawe yanayoporomoka, na Mogens akipiga kafi kinyume kwa nguvu zake zote za uzee, na kafi likikata maji bure, na ile filimbi, ambayo sasa haikuwa juu ya jiwe lolote wala mdomoni mwa ndege yeyote, ikilia kutoka kwenye kiti cha mbele.

Ikapinduka.

Oddny alimtoa Mogens majini kwa kumshika ukosi. Mzee alitapika maji, akapumua, na alipoweza kusema, alisema polepole, kwa aibu, kama anayeeleza ugonjwa wake mwenyewe.

"Kuna mtu kule chini alinishika. Lakini hakunivuta, binti. Nimeng'oa meno ya watu miaka arobaini, naujua mkono wa mtu anayeogopa. Alinishika kama anayetaka kutolewa."

Sjur aliandika fomu mbili. Oddny aliingia chumba cha nyuma, akapiga simu ofisi ya mkoa iliyoifunga kesi ya Torleiv, na kwa mara ya kwanza akatamka kwa kinywa chake kwamba kibati alikigeuza yeye, bila kuona uso. Aliyepokea, mtu mpole kwa jina Halvdan, alimshukuru kwa uwazi. Lakini alieleza kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, mhusika yuko nchi kavu tangu saa kumi na moja na dakika tano, na mtu aliye nchi kavu hatafutwi majini. Kurejea kwake kunaweza kufutwa, ila ombi la kufuta husainiwa na yule aliyerejea.

"Aliyerejea ndiye aliyekufa," Oddny akasema.

"Naam. Katika hali hiyo husaini mrithi," akasema Halvdan, akamtakia majira mema ya joto.

Mrithi alikuwa Gunnvor.

Oddny alimkuta bandani mwa kuku, ndoo mkononi. Alikuwa ameandaa maneno njiani, kuhusu upepo, kuhusu suti kwenye msumari, yote yakamtoka. Akasema tu alichofanya. Kisha akaongeza habari ya filimbi, ambayo hata Halvdan hakuambiwa.

Gunnvor aliweka ndoo chini kwa uangalifu mkubwa.

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja na kitu."

"Nilikuwa namenya viazi." Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo alikuwa hai. Anapiga filimbi, na wewe unakunywa kahawa."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Oddny alitamani apige. Badala yake mama yule alimkamata Askofu, akamtia kikapuni, akashuka njia ya ufukweni bila kutazama nyuma, Oddny akimfuata, mpaka banda la mashua, mpaka mbele ya ubao.

"Kigeuze," alisema.

Kibati kilikuwa baridi kuliko chuma cha Juni. Alipokigeuza kikawa chekundu, suti namba saba nyuma yao ikatoa pumzi, ndefu, kama mtu aliyebanwa kifuani muda mrefu akaachiwa, na maji yakatiririka kutoka miguu yake yote miwili, yakapita kati ya viatu vyao, yakatoka mlangoni, yakarudi fiodini.

Sjur aliwakuta wakishusha kayaki ya watu wawili, jogoo akiwa mbele mapajani mwa mjane. Alifungua mdomo. Hapakuwa na kanuni inayoruhusu kuku ndani ya kayaki, wala hapakuwa na inayokataza, na hilo la pili ndilo lililomshinda. Akawasukuma.

Oddny alipiga kafi mpaka katikati ya fiodi. Omo ilikuwa nzito kwa uzito wa Gunnvor tu. Mita mia kutoka maporomoko Askofu alinyanyua kichwa. Mita hamsini akasimama. Walipovuka mpaka wa marufuku, akanyoosha shingo yake nyeupe akawika, kwa sauti iliyogonga jabali la huku ikagonga la kule, akawika tena, wala hakunyamaza, hata walipopenya nyuma ya pazia la maji ambako hakuna mgeni aliyewahi kupelekwa.

Kulikuwa na ufa mwembamba, na kwenye mwamba pete ya chuma iliyobaki tangu enzi za watu waliolima shamba juu ya jabali. Kwenye pete palifungwa kamba ya kuvutia kayaki, fundo zuri, la mtu mwenye subira. Torleiv alikuwa amejifunga pale ili asichukuliwe na mkondo, ili wakija wamkute. Kamba ilishuka majini ikiwa imekazika. Gunnvor aliivuta mwenyewe. Ilipotokea sufu aliitambua mishono yake, akaacha kuvuta, akaliweka paji la uso wake juu ya kamba.

"Umechelewa kula," akamwambia.

Walimzika Julai. Suti namba saba ilikauka, na kibati Oddny alikigeuza kikawa cheupe baada ya kuona kwa macho yake jeneza likishushwa. Penye lango la kanisa Gunnvor alimsogelea.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini kahawa yako nitainywa."

Na alikuja, kila Jumamosi, na mayai kwenye kikapu kilekile.

Jumamosi ya mwisho ya msimu, Oktoba, wageni walikuwa wameondoka na Sjur alikuwa akihesabu makafi. Saa ilikaribia kumi na moja. Oddny alitundika suti yake, namba tatu, akageuza kibati chake kikawa cheupe, akamimina vikombe viwili. Alipoinua macho kibati chake kilikuwa chekundu.

Akakigeuza. Gunnvor aliacha kunywa. Mbele ya macho yao wote wawili kibati kilizunguka kwenye msumari, polepole, kama kinachozungushwa na vidole vilivyokufa ganzi, kikarudi chekundu, na tone la maji likaning'inia ukingoni mwake.

"Nipo hapa," Oddny alinong'ona. "Unaniona. Si unaniona?"

"Mimi nakuona," alisema Gunnvor, naye kwa sauti ya chini. "Lakini Torleiv hakuwahi kukosea ubao, na ubao unasema uko majini."

Oddny alinyoosha mkono akaupenyeza ndani ya mkono wa suti namba tatu, aliyoivua si dakika kumi zilizopita, kavu. Ilimlowesha mpaka kwenye kiwiko. Harufu ya kafuri ikapanda. Halafu kutoka ng'ambo, juu ya maji yaliyoanza kuingia giza, ikaja filimbi, nyembamba, mara tatu, ikanyamaza, mara tatu.

Sjur alichungulia mlangoni akauliza ni nini hicho.

Safari hii Oddny hakusema ni ndege.