Fremu Iliyoanikwa Juani

"Mimi sikuigusa, Mwalimu!"

"Nani mwingine? Ufunguo wa kabati ulikuwa na..."

"Sikuigusa, wallahi!"

"Usinikatize, Jaha! Ulikuwa nao wewe tangu asubuhi!"

Nyuma ya mlango wa chumba cha sanaa, Kalista alisimama na ufagio, akisikiliza. Aliyeitoa kabatini ile fremu ya kuchapia picha kwenye fulana ni yeye.

Hakuwa na nia mbaya. Alipokuja kufagia alikuta Jaha amesahau kufunga kabati, na ndani mna fremu mbichi, kitambaa chake kimepakwa gundi ya rangi ya chungwa. Kwao Ilomba, kwenye baridi ya mwezi wa saba, kitu kibichi hakiachwi ndani kikaota ukungu. Mahindi, mablanketi, hata bibi mwenyewe, wote huanikwa juani. Basi akaianika dirishani, akajiona mtoto wa maana, kisha akairudisha.

Baadaye Mwalimu Othmani aliweka juu yake mchoro wa chui, nembo ya timu, akaichoma kwa jua, akaiosha. Gundi haikutoka hata kidogo. Chui hakuonekana, na bila chui wino ungepita wapi? Fulana ishirini za timu zilikuwa mezani, nyeupe pee. Lori la kwenda mashindanoni Iringa lingeondoka kesho alfajiri.

"Nimeshamwambia mwalimu mkuu akufute kwenye orodha," alisema Mwalimu Othmani. "Huendi."

Jaha, ambaye shule nzima ilikuwa ikimtegemea kwenye mbio za mita mia mbili, alianza kuzikunja fulana moja moja. Heri angelia.

"Lete mikono," Mwalimu aliendelea. "Dawa iliyomo kwenye gundi ni sumu, inatoboa ngozi."

Mikono ya Jaha ilikuwa safi. Kalista alitazama kidole gumba chake. Kilikuwa na doa la rangi ya chungwa. Akakificha kwenye sketi. Akakitoa. Akaingia.

"Mwalimu, ni mimi. Niliianika ikauke."

"Wewe!" Jaha aligeuka. "Umenisikia nikiapa, ukanyamaza?"

"Mtagombana baadaye," Mwalimu alisema. "Kalista, bombani! Sabuni, na usugue hasa!"

Aliporudi, walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi ili mwanga usiingie. Mwalimu alifungua mtungi mweusi. Gundi iliyobaki ilikuwa imeganda kwa baridi, imekatikakatika mapande.

"Hii nayo imekufa," Jaha alisema.

"Subiri."

Mtungi uliwekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Mapande yakalegea, yakagusana, yakaungana, wala hungejua yalikatikia wapi.

"Hii gundi ni ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa, na dawa yake ina madini ya kromu," Mwalimu alieleza akiipaka kwenye fremu nyingine. "Gizani, ikikatika hujiunga ikipashwa moto. Ikipigwa na jua, ile kromu huikamata gundi, haiachii tena. Penye kivuli cha mchoro hubaki laini, huoshwa ikatoka. Wewe uliichoma yote kwa jua."

Kalista aliipepea fremu ikauke, kwa jalada la daftari, hadi mabega yakafa ganzi. Saa tisa, jua limeanza kulegea, wakaitoa nje na mchoro juu yake. Dakika zikapita. Mwalimu akamwaga maji ya uvuguvugu.

Hakuna kitu.

Akamwaga tena. Sikio likatokea. Kisha mkia.

"Chui!" Jaha alipiga kelele, akamkumbatia Kalista kabla hajakumbuka kwamba wamegombana.

Fulana ya ishirini ilipochapwa, Mwalimu Othmani alikaa juu ya dawati.

"Sikilizeni, wanangu. Kosa halikuwa kuanika. Anayetaka kusaidia hukosea. Kosa lilikuwa kunyamaza mwenzako akihukumiwa. Tungechelewa saa moja tu, jua lingetuacha. Ukweli usemwe mapema, ungali unaweza kutengeneza kitu."

"Nisamehe, Jaha," Kalista alisema.

Mwalimu alifuta mikono taratibu. Akatazama upande wa ofisi ya mwalimu mkuu, akakohoa.

"Sasa nami nina ombi. Nilimshtaki Jaha bila kuuliza vizuri, na jina lake bado limefutwa. Lazima niende nikaseme nilikosea." Akashusha sauti. "Nisindikizeni. Peke yangu naogopa."