Kikumbushi Kilichotengenezwa Pongwe

Kichomezi, mashine ya kuunga vyuma, kilipanda juu ya tangi la maji kwa miguu yake sita, kikainua mkono wa chuma, na badala ya kuwasha moto kikagonga. Ko, ko, ko. Kisha kikatulia kama mtu aliyebisha hodi nyumba ya watu. Baada ya kitambo ndipo cheche zilipotoka na chuma kikashikana na chuma, mshono laini hata wageni waliokuja kununua wakapiga makofi.

"Mashine ina adabu kuliko wanangu," alisema Bwana Kilua, mkurugenzi wa karakana, na wageni wakacheka.

Mwanjaa hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu, na hakuna mtu Tanga nzima aliyekifundisha kichomezi kubisha hodi. Kilikuwa na pua ya kunusa gesi na jicho la kuona joto. Kugonga kulikuwa na faida gani? Mtindo ule aliujua kwa mtu mmoja tu, naye ni mjomba wake Semhando, aliyemlea katika kibanda cha kuchomelea pale Ngamiani, enzi ambazo mafundi walishika moto kwa mikono yao wenyewe. Siku moja mjomba aligonga tangi bovu kabla ya kulichomelea, na sauti ya mtoto ikaitika kutoka ndani. Mtoto huyo alikuwa Mwanjaa, aliyejificha humo akapitiwa na usingizi. Mjomba alitupa koleo la kuchomelea, akakaa chini, akalia mbele ya wateja.

Wageni walipokwenda kula, Mwanjaa alikifungua kichomezi. Sheria ya zama hizo ilitaka kila kipuri, kikiguswa na kifaa kiitwacho kiulizi, kitaje mahali kilipozaliwa. Koili ikasema shaba yake ni ya Zambia. Kipozeo kikataja Msumbiji. Zile swichi ndogo, zinazoukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde hata mashine iliyokuwa nzito kama ng'ombe ikawa ya kubebwa begani, zikataja mji wa Asia ya mbali. Hayo yote aliyajua. Kikabaki kikumbushi, kibamba chembamba kinachoupa mkono wa chuma ustadi wa mkono wa mtu. Bwana Kilua alimwambia zamani kwamba kinatoka ng'ambo, naye hakuona haja ya kuuliza.

"Pongwe," kilisema kibamba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Pongwe, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ndiko ilikokuwa Nyumba ya Mafundi Wastaafu, mali ya karakana. Na huko ndiko alikompeleka mjomba wake. Alimpeleka kwa nia njema, akaahidi kwenda kila Ijumaa. Ijumaa zikageuka Idi, na Idi zikageuka simu ambazo hakuzipokea. Kazi, jamani. Kazi haiishi.

Alifika mchana uleule. Ukumbini wazee walikaa vitini, kila mmoja na kofia ya nyuzi za shaba kichwani, macho yamefumbwa. Midomo ilikuwa kimya, lakini mikono ilikuwa kazini: huu ukipiga nyundo hewani, ule ukikata bati lisilokuwepo. Semhando alikuwa karibu na dirisha, amekonda, jasho linamchuruzika. Aligonga mkono wa kiti. Akangoja, mwili mzima ukimtetemeka, kisha uso ukamfunguka na machozi yakamtoka. Halafu akaanza upya.

"Mnamfanya nini?" Mwanjaa alifoka.

"Anakumbuka, dada," alijibu Bi Mwatumu, msimamizi wa nyumba, bila haraka. "Ustadi mtupu haushiki kwenye kibamba, mpaka uwe na hofu au furaha ndani yake. Mzee huyu ana siku moja yenye vyote viwili. Na kibamba hakinakiliki. Kila kimoja kinataka airudie siku ile upya."

Mwanjaa alivifikiria vichomezi vyote vilivyokwisha kuuzwa, vingine vikiunga minara huko mwezini. Kwa kila kimoja, mjomba wake alisimamishwa tena mbele ya tangi lile, moto mkononi, asijue kama mtoto yumo. Alimvua mjomba kofia.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee alichelewa kumtambua, kama aliyetoka sasa hivi kumwona akiwa mtoto. "Marahaba. Mwanjaa? Umekuwa mtu mzima!"

"Inuka twende nyumbani. Hakuna kibamba kingine kitakachotoka hapa, nitahakikisha. Wamekutesa, na naapa hawakukwambia wanachokufanyia."

"Waliniambia," alisema Semhando. "Walinieleza yote. Na kila asubuhi wananiuliza kama nataka."

"Na wewe unakubali? Kwa nini, mjomba?"

Semhando aliutazama mlango, kisha akaichukua kofia mikononi mwa Mwanjaa, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu bila kumtisha.

"Hapa nilikupigia simu mpaka nikachoka, mama," alisema. "Kule ndani nikigonga, unaitika."

Akajivika kofia mwenyewe. Mwanjaa alifungua mdomo amwite, na sauti ilipokuja, mzee alikuwa amekwisha kufumba macho.