Mzani wa Kituo cha Bondeni

Mashine ile waliiita Mhamishi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya zamani na kuiandika upya kwa lugha mpya, bila kudondosha kitu njiani. Asubuhi hiyo ilikuwa imetanda ukuta mzima wa chumba cha wahandisi. Kushoto ilipita Shina, lugha ambayo waliokuwa wakiijua walikuwa wamestaafu au wamezikwa. Kulia ilitoka Kasi, lugha ya siku hizi. Mistari ya kushoto ikizama, ya kulia inachipuka, kama mtu anayefumua mkeka huku na kuusuka kule kwa ukindu uleule.

Programu yenyewe ilikuwa ya vikwezi. Tangu bahari ilipoimeza Tanga ya chini, watu walihamia kwenye miteremko ya Usambara, nyumba juu ya nyumba, na bila kikwezi ungemtembelea shemeji yako mara moja kwa mwaka. Ni chumba cha kioo kinachopanda mlima kwa waya, hakina dereva wala utingo. Kinaanzia Bondeni, kinapita Makaburini, kinaishia Sokoni, halafu kinarudi. Makaburi nayo yalipandishwa mlimani, maana ardhi ya chini ilikuwa imejaa maji na hakuna mtu anayetaka kumzika mzazi wake kwenye maji.

Mhandisi Hemedi Shemhilu alikuwa amekaa na kikombe chake, anatazama, kazi inakwenda yenyewe. Mara kuta zikatulia.

"Mhandisi," Mhamishi akasema, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, "nimefika sehemu ambayo naelewa inafanya nini, ila sielewi kwa nini."

"Sema."

"Ni kituo cha Bondeni peke yake. Mzani wa sakafuni ukipanda na kushuka, ukapanda tena na kushuka, programu ya zamani inaacha mlango wazi. Haihesabu muda, haipigi king'ora. Inangoja mpaka watu wajae na mzani utulie, ndipo inafunga. Kwenye vituo vingine haifanyi hivyo."

"Mwandishi ameacha maelezo?"

"Maneno mawili. Mzani mbovu."

Hemedi akacheka peke yake. Huyo ni Mzee Mbaruku tu. Programu yote ya vikwezi aliiandika yeye, na Hemedi alijifunza Shina mbele yake, akiitwa bwana mdogo mpaka mvi zikamtoka. Mizani ya zamani ilikwisha kung'olewa yote, ikawekwa mipya ambayo ingeweza kupima hata unyoya.

"Itoe hiyo," akasema.

"Kazi yangu ni kuhamisha, si kupunguza."

"Mzani mbovu hatunao tena. Unataka kunihamishia dawa za mgonjwa aliyekwisha pona?"

"Basi nahitaji jina la mtu aliyeamua."

"Weka langu."

Kuta zikaanza kutembea tena.

Siku chache baadaye Mzee Mbaruku alimpigia simu. Kifua kilikuwa kimembana, maneno yanatoka vipande vipande. "Bwana mdogo, nasikia mnaihamisha kazi yangu. Pita basi, tuzungumze."

Hemedi alipita, lakini alipita kama mtu anayepita kweli. Alimwamkia mzee, akakaa kwenye ukingo wa kiti, miguu imeelekea mlangoni. Mzee naye hakuwa mtu wa kuingia kwenye jambo moja kwa moja. Akaanza na mafuriko, akaja kwenye mkurugenzi wa kwanza wa vikwezi, mtu mkavu kama kuni, akaeleza hata kofia aliyokuwa akivaa.

"Mzee," Hemedi akamkatiza kwa adabu, "usijisumbue. Mashine imeelewa yote. Imepitia safari zote zilizowahi kupigwa, ikalinganisha ya zamani na mpya."

"Imeelewa yote."

"Yote."

"Mimi mwenyewe sijaielewa yote, na nimeiandika." Akakohoa, akafuta mdomo. "Haya. Kunywa chai basi, au na chai nayo imeshaeleweka?"

Hemedi akacheka, akasema atarudi wakiwa na nafasi. Chai aliiacha nusu.

Hakurudi. Kasi iliwashwa kwenye vikwezi vyote siku ya sherehe, bendera na hotuba, na safari zikawa nyepesi kuliko zamani. Wiki hiyohiyo Mzee Mbaruku akafariki.

Mwanawe, Sefu, alikuwa akifanya kazi kwenye vituo vya angani, huko watu wanakolala wakielea. Walimteremsha kwa chombo cha dharura. Alifika mchana wa maziko, miguu bado haijazoea uzito wa dunia, anayumba kama mtoto anayejifunza kutembea. Baba yake alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa. Pale nyumbani aliweka bega lake chini ya jeneza, hatua chache, akatoka kuwapisha wengine.

"Miguu yangu haina nguvu ya njia nzima," alimwambia Hemedi wakitembea nyuma ya watu. "Nawaachia ninyi huku chini. Kutoka kituo cha Makaburini mpaka kaburini njia ni fupi. Hapo nitambeba mimi, nisitoke mpaka tumemfikisha."

"Hapo ni pako," Hemedi akamjibu. "Nitasimama ubavuni mwako."

Anayejua maziko ya kwetu anajua hali inavyokuwa. Jeneza halibebwi na watu wanne wakamaliza. Kila mtu anataka thawabu yake, kila mtu anataka kusema nilimbeba. Huyu anaingiza bega, yule anatoa, na jeneza linakwenda mbele kama linaelea juu ya watu. Walipofika Bondeni mlango wa kikwezi ulikuwa wazi. Wakaingia nalo, wakalitua sakafuni, wakatoka kuwapisha wengine walishike kwa safari ya juu. Wengine wakaingia, wakasogezana, wakatoka kumpisha imamu. Hemedi alikuwa wa mwisho mle ndani. Akamwona jirani mmoja mzee amesimama nje, amekwisha vua viatu, anangoja. Hemedi akatoka kumpa nafasi.

Mlango ukafunga.

Ukafunga polepole, kwa usalama kabisa, maana hapakuwa na mtu kizingitini. Mzani ulikuwa umetulia. Uzito ulikuwa wa abiria mmoja na mzigo wake. Ile sauti ya kike ya kikwezi, ambayo Hemedi mwenyewe aliichagua, ikasikika nyuma ya kioo: "Karibu, abiria. Tunakutakia safari njema."

Kikaondoka na Mzee Mbaruku.

Watu walisimama, mikono ikiwa bado imenyanyuliwa. Mtu mmoja akasema, "Kisimamisheni," na Hemedi, aliyeijua mashine ile skrubu kwa skrubu, akakumbuka kwamba kitufe cha kusimamisha kiko ndani.

Alipiga simu chumba cha wahandisi. Lakini kabla hawajaelewana, kikwezi kilikuwa kimefika Makaburini, kimefungua mlango. Wachimbaji walikuwa juu huko kaburini na majembe yao. Abiria hakushuka. Programu ikangoja muda wake uliopangwa, ikafunga mlango, ikampeleka Sokoni.

Sefu alikwisha ziona ngazi za mawe zinazopanda mlima kando ya waya. Alizipanda kwa mikono na magoti, anaanguka, anainuka. Hemedi akamshika kwapani, wakapanda hivyo.

Mambo ya Sokoni walihadithiwa baadaye. Wanawake wenye vikapu vya plamu walikuwa mstari wa mbele. Mlango ulipofunguka wakaingiza mguu, wakaurudisha. Soko likanyamaza kuanzia pale mlangoni mpaka kwenye mabanda ya nyama. Hakuna aliyejua maiti ni ya nani. Mchinjaji akavua aproni yake ya damu, vijana wa mikokoteni wakaacha mikokoteni, wakaliinua jeneza. Walishuka nalo kwa njia ya miguu mpaka makaburini, wakipokezana, wakimsomea mtu wasiyemjua jina.

Sefu na Hemedi walipotokea kwenye geti la makaburi, jeneza lilikuwa tayari limetuliwa kando ya kaburi. Ile njia fupi ilikuwa imekwisha tembewa.

Mchinjaji akamwona Sefu, akaelewa. "Tusamehe, ndugu yangu. Hatukujua kuna anayemngoja."

"Mmefanya vizuri," Sefu akasema. "Mungu awalipe."

Baada ya dua watu walitawanyika. Sefu alikaa chini kwenye udongo mbichi, na Hemedi akachuchumaa karibu yake. Hakujua aanzie wapi, akaanza na neno lililokuwa karibu.

"Niliambiwa ni mzani mbovu."

"Haukuwa mbovu hata siku moja," Sefu akasema. Sauti yake haikuwa na ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mkurugenzi wa kwanza alimwambia baba kwamba chombo cha umma hakina mambo ya maziko, kila abiria na muda wake. Baba akarudi nyumbani akasema, nitaandika mzani mbovu. Watu hawagombani na kitu kibovu, wanakizoea." Akachota udongo kidogo, akauacha umwagike. "Alitaka kukwambia mwenyewe. Aliniambia kwa simu kwamba ulikuja."

"Nilikuja," Hemedi akasema.

Kesho yake alisimama mbele ya kuta akamwambia Mhamishi airudishe ile sehemu.

"Sababu ile ile? Mzani mbovu?"

"Hapana. Andika: watu wanapokezana."

Mhamishi akaandika kwa Kasi, mistari michache tu. "Sehemu hii lazima ijaribiwe na binadamu," akasema.

Hemedi akateremka Bondeni, akaufunga upande mmoja wa kituo kwa utepe, akaita kikwezi. Mlango ukafunguka. Akaingia, akasimama, akatoka. Akaingia tena upande wa pili, bega limeinama kidogo bila yeye kujua, akatoka. Mlango ulibaki wazi. Kwenye simu yake Mhamishi akasema, "Imepita. Inatosha."

Hakuacha. Nyuma ya utepe abiria walianza kukusanyika, na mama mmoja mwenye ndoo akamwita, "Baba, unasafiri au husafiri? Umeingia humo hata tumechoka kukuhesabu."

"Sisafiri, mama," Hemedi akajibu, akaingia tena.

Na kikwezi kikamngoja.