Mwenzi wa Bi Mkubwa

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Kidoti aliingia chumba cha nyuma kumsaidia shangazi yake. Shangazi alikuwa mfugaji wa samaki wadogo wa baharini, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kidoti alifuta vioo vya matangi, akakoroga maji ya chumvi, akawalisha samaki huku akiwasimulia mambo ya shule.

"Maskini samaki wangu! Utawachosha masikio," Shangazi alimtania.

Katika tangi la dirishani aliishi jike mmoja waliyemwita Bi Mkubwa. Mwenzi wake alikuwa amekufa, na tangu hapo alijikunyata pembeni, chakula akikigusa tu na kukiacha. Kidoti alimwonea huruma sana. Mama yake mwenyewe alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali, hivyo alijua upweke ulivyo.

"Mtafutie mwenzi, Shangazi."

"Nitamtafutia, lakini hii si kazi ya pupa. Samaki hawa wakiwa wadogo si madume wala si majike. Wakiishi pamoja, anayewazidi wenzake kwa ukubwa ndiye anayekuwa jike, na anayemfuata anakuwa dume. Usimguse yeyote. Nakwenda kumjulia hali jirani, nikirudi tutachagua."

Kidoti alijaribu kungoja, lakini uvumilivu ukamshinda. Katika tangi jingine alimwona samaki mnene, mzuri, karibu sawa na Bi Mkubwa. "Mtu mzima apewe mtu mzima mwenziwe," alijisemea. Akamteka kwa wavu, akamtia kwa Bi Mkubwa.

Kumbe wote wawili walikuwa majike! Bi Mkubwa alimvamia mgeni, akamuuma na kumkimbiza huku na huko. Kidoti alipofanikiwa kumtoa na kumrudisha kwake, mapezi ya mgeni yalikuwa yamechanikachanika.

Shangazi aliporudi, jicho lake lilitua kwa samaki huyo mara moja. "Huyu amepatwa na nini?"

"Sijui, Shangazi. Nimemkuta hivyo."

Uso wa Shangazi ulisawajika. "Basi ni ugonjwa wa mapezi. Na maji ya matangi haya yote yanazunguka pamoja! Lazima niwatoe wote, niwatie kwenye ndoo za dawa."

"Hata wale wenye mayai?"

"Hata wao. Mayai yatakufa, lakini nitafanyaje, mwanangu?"

Kidoti aligeuka kulitazama tangi la karibu na mlango. Dume alikuwa akiyapepea mayai yake kwa mapezi, bila kupumzika. Ndani ya mayai vijicho vidogo vilikwisha kuonekana, viking'aa. Shangazi aliinua wavu.

"Usiwatoe!" Kidoti alipiga kelele. "Hawaumwi! Ni mimi, Shangazi. Nilimtia kwa Bi Mkubwa, wakapigana." Machozi yakamtoka, naye akaeleza yote.

Shangazi aliuweka wavu chini, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mbona uliniambia hujui?"

"Niliogopa utanikataza kuingia humu."

Shangazi alishusha pumzi, akamvuta karibu na kumfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Nimekasirika, sikufichi. Lakini njoo, kazi hii tuimalize wawili."

Walichagua samaki mdogo kuliko wote, wakamtia tangini kwa Bi Mkubwa ndani ya kikopo cha plastiki chenye matundu. Bi Mkubwa alikuja mbio. Yule mdogo akainama, akautikisa mwili kama aliyeshikwa na baridi.

"Anaogopa?" Kidoti alinong'ona.

"Anamwambia, 'Shikamoo, mkubwa ni wewe.' Akiendelea hivyo, huyu ndiye atakayekuwa dume wake."

Baada ya siku chache walimfungulia. Bi Mkubwa alimsukuma kidogo, kisha wakaogelea ubavu kwa ubavu. Jioni hiyo Bi Mkubwa alikula chakula chake chote. Yule jike aliyeumia naye alikuwa ameanza kuota mapezi mapya.

Kidoti alitabasamu, lakini bado aliona haya. Shangazi akamshika bega.

"Kukosea kunarekebishika, mwanangu, kama mapezi yale. Lakini ukinificha ukweli, nitatibu ugonjwa usiokuwepo na kuwaangamiza wazima. Ukiharibu kitu, niite siku hiyo hiyo. Nitafoka, ndiyo, lakini nitakuja kukusaidia."