Anwani ya Mia Tano na Moja

"Dada, huyu naye tumtoe au tumwache?"

Fundi mapazia alijua ni nani kabla hajainua macho kwenye cherehani. Tangu asubuhi, yeye na mdogo wake walikuwa wakilinganisha huduma tatu za kutuma barua pepe kwa wateja. Ya kwanza ilikuwa ya bure, ila ilipokea anwani mia tano tu, na wao walikuwa nazo mia tano na moja. Ya pili iliremba barua ikapendeza, lakini bei yake ilipanda kila orodha ilivyorefuka. Ya tatu walikuwa wameijaribu mwezi mzima, na sifa yake kubwa ni kuonyesha nani amefungua barua na nani ameipuuza.

"Seremala," mdogo mtu alisoma. "Barua nne, hajafungua hata moja."

Mshono ukapinda.

Seremala alikuwa mchumba wake. Miezi minane nyuma alikubali kazi ya mbali bila kumshirikisha, harusi ikaahirishwa, na fundi kwa hasira akamwambia asimpigie tena mpaka yeye mwenyewe ampigie. Alidhani jamaa hatamaliza siku mbili. Jamaa akanyamaza kweli, hata aliporudi mjini. Mwanamke naye kwa kiburi chake hakupiga. Alichofanya ni kuwaandikia wateja kila Ijumaa, mara kufua mapazia ya lineni, mara kupima dirisha, huku moyoni akimwandikia mtu mmoja. Hilo hata mdogo wake hakuambiwa.

Sasa yule mtu mmoja alikuwa na sifuri. Ilimuuma, tena sana.

"Mtoe," alisema. "Tunachukua ya bure."

Wasichokijua ni kwamba huduma ile ya bure, ukishaipa orodha kisha ukamtoa mtu, yenyewe humtumia barua ya kwaheri. Kesho yake saa nne asubuhi seremala alisimama mlangoni, vumbi la mbao mikononi, akisoma kwenye simu yake kuukuu.

"'Hatutakuandikia tena. Tunakutakia kila la heri.' Haya maneno ni yako?"

"Ni ya mashine."

"Na kunitoa?"

Fundi alitamani kusingizia mashine hapo pia. Akashindwa.

"Kukutoa ni kwangu. Ulikuwa husomi."

Akamgeuzia kompyuta aione ile sifuri. Seremala aliitazama, hakubisha. Akaanza kuhesabu kwa vidole: Ijumaa ya kwanza kati ya hizi nne uliandika lineni isianikwe juani. Ya pili, dirisha lipimwe mara mbili. Ya tatu, mtu asichague kitambaa akiwa na hasira.

"Ya nne ukasema dirisha la hapa karakana halijapata pazia, kwa sababu hujapata fimbo ya kulitosha."

Akatoka nje, akarudi na fimbo ya mbao iliyopigwa msasa ikateleza. Aliipandisha juu ya dirisha. Ilikaa sawasawa.

Mdogo mtu aliomba ile simu, akaipekua, kisha akarudi kwenye maelezo ya huduma ya tatu na kuyasoma polepole, safari hii mpaka mwisho.

"Shemeji, umezima picha kwenye barua zako?"

"Kitambo. Zinakula bando."

"Dada, wao wanaficha kapicha kadogo ndani ya barua. Kakifunguka, umesoma. Mtu aliyezima picha anahesabiwa hajasoma, hata kama ameikariri."

Fundi alikaa. Alifikiria jinsi alivyoiamini tarakimu moja kuliko mtu aliyemfahamu miaka mitano, akaona aibu.

"Miezi minane," alisema. "Kwa nini hukunipigia?"

"Ulisema nisubiri mpaka upige wewe. Nilishakosea mara moja kuamua bila kukusikiliza. Sikutaka kurudia."

"Ungekuja basi, kama leo."

"Kila Ijumaa ulikuwa unaniandikia. Niliona bado nina mahali pangu. Jana nikaona sina."

"Nilikuwa nawaandikia watu mia tano."

"Najua. Mimi nilisoma kama niko peke yangu."

Machozi yalimtoka fundi, naye hakuyaficha. Alichukua simu yake mezani, akatafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta. Simu kuukuu ikaita mkononi mwa mdogo wake, naye akamkabidhi mwenyewe. Seremala aliangalia kioo, kisha akamwangalia yule aliyesimama hatua mbili mbele yake.

"Pokea," fundi alisema.

Akaiweka sikioni. "Haloo?"

"Nimekupigia. Nisamehe kwa kuchelewa. Uje tupange tarehe nyingine, na tuipange wote wawili."

"Nakuja," alijibu, akapiga zile hatua mbili.

Mdogo mtu aliwageuzia mgongo, akaivuta kompyuta. Orodha ilikuwa imejaa, mia tano kamili. Akaifuta anwani yake mwenyewe, na nafasi hiyo akampa shemeji.